Majuto Chini ya Kiyoyozi

Ijumaa, 31 Machi 2006

Nimeketi tena penye mlango wa jikoni. Mwaka wa tatu! Mvuke wa pilau umenilowesha ubavu mzima wa kushoto, nami nilikwenda kikaoni nimepiga pasi.

Naandika ili ukweli usipotee. Chama chetu ni cha watu walioikosa bunduki ya upepo ya kale. Si bunduki ya baruti. Ni ile ya kufukuzia kunguru, ya springi na hewa, yenye risasi ndogo kama punje ya mtama. Hakuna mwanachama anayeimiliki. Kanuni ya kwanza inakataza. Kila Ijumaa baada ya swala tunakutana watu saba katika mkahawa wa Bi Safia, ghorofa ya tatu, mtaa wa Sanyuanli, huku Uchina. Kila mmoja anaisimulia aliyoikosa. Mwenye majuto makubwa kuliko wote hupigiwa kura mara moja kwa mwaka, na huketi mwaka mzima kwenye kiti cha chini ya kiyoyozi. Kiyoyozi ni kimoja. Na huu ndio msimu ambao Guangzhou hutoka jasho: kuta zinachuruzika, shuka hazikauki, stempu zimejibandika zenyewe ndani ya pochi yangu.

Kiti anacho Othman, Mzanzibari, wakala wa mizigo. Majuto yake ni ya Lushoto, mwaka 1969. Mjane wa Kijerumani alikuwa tayari kubadilishana bunduki kwa jogoo. Othman akaenda kumleta jogoo. Jogoo akatoroka. Alipomkamata, mtu wa pikipiki alikwishapita na bunduki. Kila mwaka Othman hulia mahali pale pale, kwenye neno "pikipiki", na Bi Safia humletea kitambaa bila kuagizwa.

Mimi niliikosa yangu Muheza, mwaka 1971, katika mnada wa meneja wa mkonge. Nilikuwa mkaguzi wa mizani, kijana, nadhifu. Mnadishaji alipouliza nani anaongeza, mkono wangu ulikuwa puani na leso. Kariuki, mfanyabiashara wa Nairobi anayeuza vifuniko vya simu, leo amesimama mbele ya watu wazima na kuyaita majuto ya mafua. Wamecheka mpaka Bi Safia akatoka jikoni kuuliza nani amekufa.

Kura ni Ijumaa ijayo. Tarehe 15 narudi Tanga, na Fathiya, mke wangu, ameshasema safari hii ni ya mwisho. Magoti yangu yameafiki. Kwa hiyo ni Ijumaa ijayo au sitakikalia kiti kile mpaka naingia kaburini.

Nina shauri. Kanuni hazisemi kwamba majuto lazima yawe ya zamani. Nimezisoma mara mbili. Nilizitunga mimi! Nitaikosa bunduki nyingine, hapa hapa Guangzhou, mbele ya shahidi.

Jumamosi, 1 Aprili

Mungu ni mkarimu. Nimeiona!

Nilikwenda Yide Lu kununua vifaa vya duka la Fathiya: madaftari, penseli, vifutio vyenye umbo la embe. Nilikuwa kwa Laoban Liang. Laoban ni mwenye duka. Tunawaita wote hivyo, lakini huyu ni wangu kwa miaka mitatu. Dari lake likanidondoshea tone la maji utosini. Nikatazama juu kwa hasira. Juu ya rafu ya mwisho, nyuma ya vinanda vya plastiki, ilikuwepo.

Mtutu wa pembe nane. Kitako cha mti wa jozi, kimekolea kama kahawa. Maandishi ya Kijerumani yaliyofifia. Namba ya toleo ina tarakimu tatu. Tatu tu! Nikakalia katoni iliyokuwa karibu, na midoli ishirini na minne ikalia "mama" kwa pamoja.

Liang ameniarifu kwamba ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyekuwa na kibanda cha kulenga maputo bustanini. Springi imekufa. Haiwezi kumwangusha hata nzi mgonjwa. Nilipouliza bei alibonyeza kikokotoo mpaka kioo kikajaa, kama namba ya simu ya ng'ambo.

Bei nzuri kabisa! Hakuna mtu wa heshima anayeweza kuilipa. Kesho nitakwenda kuikosa.

Jumapili, 2 Aprili

Nimemchukua Kariuki awe shahidi. Njiani nimemweleza tu kwamba ataona jambo la kuhuzunisha na alikumbuke vizuri.

Nilikuwa nimejizoeza mbele ya kioo. Kuitazama bunduki. Kupumua. Kuuliza bei. Kuinamisha kichwa. Kusema buyao, yaani siitaki, kwa sauti iliyopasuka. Kutoka polepole bila kugeuka. Nilifanya yote kwa utaratibu huo. Nilipofika mlangoni hata mimi mwenyewe nilijihurumia.

Liang akanikimbilia na kikokotoo. Bei imepungua!

Nikasema buyao. Nikaharakisha. Akaharakisha. Penye duka la uyoga mkavu bei ilipungua tena. Nikavuka barabara, akavuka. Penye kanisa la mawe nilikuwa nakimbia, mzee wa miaka sitini na minane, mkono mmoja umeshika pochi, naye Liang nyuma yangu na kandambili zake, anabonyeza huku anakimbia. Alinishika shati. Bei ilikuwa nusu. Nikanyofoka, nikaingia metro.

Sijui amepatwa na nini. Ni kweli kwamba nimeondoka dukani kwake hivyo hivyo mara nyingi kwa sababu ya vifutio, naye hunikimbilia na kupunguza. Lakini ile ni biashara. Hii ilikuwa huzuni! Mtu mwenye macho angeona tofauti.

Kariuki hana macho. Ndani ya behewa alinipigia saluti. Amesema hajawahi kuona bei ikikatwa hivyo tangu azaliwe, na kwamba nikimfundisha atanilipa. "Mzee, wewe ni noma," akarudia mpaka Sanyuanli. "Kesho huyo jamaa atakulipa wewe uichukue." Nilimwambia kwamba nimeikosa bunduki ya maisha yangu. Akanikonyeza.

Jumatatu, 3 Aprili

Kumpa mtu mgongo kumeshindikana. Leo nimetumia simu, kwa kuwa simu haina mgongo.

Nilimpigia Liang saa nne kamili. Nikasema buyao mara tatu, nikakata. Hakuna lugha duniani ambayo ingeeleza zaidi.

Saa nne na robo akaleta ujumbe: bei mpya, na juu yake katoni mbili za madaftari, bure.

Nilikuwa bado nimeshika simu Fathiya alipopiga kutoka Tanga kuulizia mzigo. Nilikuwa mwepesi wa kulalamika. Nikamwambia yuko mwenye duka mmoja ananisumbua nichukue fimbo fulani ya zamani ambayo siitaki, mpaka ananipa na katoni mbili za madaftari.

Akaacha habari ya mzigo. Kisha akauliza kama nimesema katoni mbili. Nikakiri. Akauliza kama ni za bure. Nikakiri. "Baba Mwanahija," akasema, kwa sauti anayoitumia kwa watu wanaochelewesha kodi ya chumba cha uani, "unapewa madaftari bure nawe unanung'unika? Ichukue hiyo fimbo! Utaitembelea."

Nimekuwa mkaguzi miaka thelathini na mmoja. Nimevunja mizani za uongo mia nne na kumi na mbili, nyingine mbele ya wenyewe wameshika mapanga. Sijawahi kumweleza Fathiya jambo akaelewa upande wangu.

Jumanne, 4 Aprili

Nimekwenda mwenyewe, ana kwa ana, kukataa kwa mara ya mwisho. Nilivaa koti.

Liang alikuwa amekwisha kutenga chai. Vikombe vidogo kama vya kutilia wanja. Bunduki ilikuwa mezani, imepigwa mafuta, na kando yake picha ya baba yake bustanini: mtu mwembamba mwenye kofia ya majani, nyuma yake maputo ubao mzima. Liang hakugusa kikokotoo. Alinionyesha kwa ishara niishike.

Sikupaswa kuishika. Naandika hivyo kwa faida ya yeyote atakayesoma. Ilikaa begani kama iliyopimwa na fundi wangu wa koti. Ilinuka mafuta na mti. Nikaiona Muheza: meneja kwenye ngazi, mnadishaji mwenye kengele, safu za mkonge mpaka mlimani, na mimi na leso yangu.

Nilisema buyao. Sauti iliyotoka hata mimi sikuiamini. Liang naye hakuiamini. Akaizungushia gazeti, akaifunga kwa uzi mwekundu, akanikabidhi kwa mikono miwili. Mikono yangu ikapokea. Bei ya mwisho siiandiki, kwa sababu ni aibu: ilikuwa ndogo kuliko ya vifutio.

Mimi, mtunzi wa kanuni ya kwanza, ni mmiliki!

Nimeificha chini ya kitanda, ndani ya kikoi. Kwa nidhamu sijaitazama tena, isipokuwa mara sita.

Jumatano, 5 Aprili

Kuta zinalia. Chuma hakiwezi kulala katika unyevu huu. Nimeipaka mafuta ya nazi asubuhi, nikaifuta, nikaipaka tena baada ya chai. Namba yake ni 318. Nimemwambia namba hiyo mwenye nyumba kwenye ngazi. Hakuelewa, lakini nilitaka kuitamka.

Baada ya adhuhuri shauri jipya limenijia, zuri kuliko la kwanza. Kariuki aliniona Jumapili nikiikimbia. Hakuniona Jumanne nikiipokea. Kwa hiyo Ijumaa nitasimulia kukosa, na shahidi ninaye, na kiti nitapata, na bunduki nitabaki nayo! Iende tu Tanga kimyakimya ndani ya kontena, katikati ya madaftari.

Tatizo ni moja. Kontena ni la Othman.

Nilimwendea ofisini kwake, chini ya mkahawa. Nilimwuliza kama swali la jumla, la mtu anayependa kujifunza, kama inawezekana kusafirisha rula ndefu, ya mti na chuma, ya kizamani, ambayo zamani ilikuwa ikitoa upepo.

Othman aliweka kalamu chini. Amesema, kwa jumla vilevile, kwamba rula za namna hiyo haziruhusiwi katika nchi hii kumilikiwa na mtu, hata ziwe zimekufa, hata ziwe za baba ya mtu. Kwamba yeye hapakii kitu asichokifungua. Na kwamba mwenye rula hiyo, kama yupo, angefanya jambo la busara kuipeleka kituo cha polisi yeye mwenyewe kabla haijafuatwa. Kisha akanusa hewani. "Bwana Haroun," akasema, "umepaka mafuta ya nazi mpaka kwenye viwiko. Umeoa tena?"

Nimerudi nyumbani. Sijui nimepita njia gani.

Alhamisi, 6 Aprili

Nimeipeleka.

Naandika kwa ufupi. Mtu aliyevunja mizani mia nne na kumi na mbili hawezi kulala juu ya kitu cha magendo. Niliizungushia gazeti na uzi mwekundu upya. Nilitembea kwa miguu, kwani sikutaka tuachane haraka. Kituoni nilingoja kwenye benchi nikiwa nimeilaza mapajani. Mama mmoja aliyekuja kuripoti baiskeli yake alinisogelea na kunipa chungwa.

Askari alikuwa mtu mzima, mwenye miwani. Nilimpa hati ya kusafiria na kibali cha kukaa. Akaona viko sawa. Akafungua gazeti. Akavunja mtutu, akachungulia, akajaribu springi, akatikisa kichwa. Alinihubiria kwa upole kiasi cha robo saa, nami nikaitikia kila aliponyamaza. Kisha, alipodhani sitazami, akaiweka begani, akafumba jicho moja na kulenga kalenda ukutani. Mdomo wake ukatoa kishindo kidogo: pu! Nikajua naye aliwahi kupasua maputo bustanini.

Akaichukua ndani. Mlango ukafungwa. Nilibaki na uzi.

Nimekaa kwenye ngazi za kituo sijui muda gani. Nilikula chungwa. Lilikuwa tamu, na hilo lilizidisha uchungu. Siku mbili tu! Sikuipiga picha. Sikumwonyesha mtu hata mmoja. Namba 318. Nikalia, mimi, hadharani, bila kuhitaji neno "pikipiki".

Kisha nikaitazama stakabadhi aliyonipa. Ina maelezo ya bunduki, mistari minne. Ina tarehe. Ina muhuri mwekundu wa duara, mkubwa kama kisahani.

Majuto yenye muhuri wa serikali!

Othman ana muhuri? Jogoo ana stakabadhi? Nimesimama kwa nguvu ya kijana. Nimerudi nikiimba, nikapeleka koti kwa dobi.

Ijumaa, 7 Aprili

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Nilizungumza dakika ishirini. Niliacha ule mpango wa kusema niliikosa Jumapili; ukweli ulikuwa mzuri zaidi. Niliwaambia yote: tone la maji, tarakimu tatu, picha ya baba, benchi, chungwa. Nilipofika kwenye mlango uliofungwa, sauti ilikatika yenyewe. Nikainua stakabadhi juu. Nikasikia hatua. Bi Safia alikuwa amesimama kando yangu na kitambaa. Bila kuagizwa! Mkononi alikuwa na kitambaa kimoja tu, na alikuwa amempita Othman.

Kariuki alikuwa anajifuta pua. Akasema, "Mzee, pole. Yale ya mafua nayarudisha." Watu wakaanza kunisogezea kiti cha chini ya kiyoyozi. Nikasikia ubaridi kwenye paji la uso. Sekunde nne, labda tano. Nitazikumbuka.

Othman akainua kidole. Akaomba Bi Safia, mwenye miaka kumi na miwili katika mji huu, awasomee stakabadhi. Akaisoma. Mstari wa tatu unasema bunduki imekabidhiwa na mmiliki.

Othman akarudia neno hilo. Kisha akaomba isomwe kanuni ya kwanza, na kwa kuwa nakala ni yangu, nilitakiwa kuisoma mimi. Nimeisoma. Aliyenunua hana majuto. Nikajitetea kwamba nimeipoteza. Akasema kukosa ni majaliwa, lakini kupoteza ni uzembe, na chama hiki si cha wazembe. Wazee wawili wakasema naam.

Hapo ningevumilia. Lililofuata siwezi.

Othman hakuketi. Aliuliza kwa sauti ndogo kama duka hilo la Yide Lu ni la Liang, lenye vinanda vya plastiki. Nikasema ndilo. Akashika meza. Akasema yeye huchukua katoni kwa Liang kila Jumatatu na kila Alhamisi. Miaka mitano. Husimama pale pale, chini ya rafu ile ile, akihesabu katoni, macho chini. Mtutu wa pembe nane ulikuwa juu ya utosi wake mara mia tano, naye hakuinua kichwa hata mara moja. Mimi nilidondoshewa tone. Yeye huvaa kofia.

Akalia. Kilio kipya kabisa, hakikuwa cha Lushoto. Bi Safia alininyang'anya kitambaa, akampelekea.

Kura sita dhidi ya moja. Mwaka wa nne mfululizo, na kwa bunduki yangu!

Nimepewa cheo cha mwanachama mtazamaji. Mtazamaji huketi jikoni kwenyewe. Bi Safia amenipa kisu na kitunguu, akasema mzee wangu, ukitaka kulia huku kuna sababu.

Jumamosi, 8 Aprili

Nimekwenda kwa Liang kukagua katoni za mwisho. Sikutazama juu. Nilikuwa nimeamua kwamba mambo haya yamekwisha. Mtu wa umri wangu ana madaftari ya kupeleka nyumbani.

Liang alinitilia chai. Akaniuliza habari ya bunduki. Nikamwambia imepelekwa panapostahili. Akafurahi. Akainama karibu. Binamu yake yuko Foshan, nusu saa kwa basi. Kibanda cha maputo kilikuwa na bunduki mbili, pacha. Ile nyingine, aliyonayo huyo binamu, ni 317.

Mia tatu na kumi na saba!

Nilifikiri haraka. Sasa naliona kosa langu lote kwa uwazi kabisa. Nilikwenda pale. Niliishika. Nilikuwa laini. Mtu akitaka kukosa kitu sawasawa, lazima akikatae kwa ukali tangu neno la kwanza, kabla hata ya bei, na aondoke kwa kasi kubwa zaidi. Nimempigia Fathiya asogeze tiketi mbele kwa juma moja. Nimesema ni mambo ya forodha. Othman atakikalia kiti kwa siku chache tu. Kikao cha rufaa nitakiitisha mimi, kwani kanuni za rufaa nimezitunga nikiwa kwenye basi.

Nimemwambia Liang, kwa sauti iliyosikika mpaka duka la uyoga, kwamba siitaki, sitaitaka, na nisione hata picha yake.

Ametabasamu. Amekwenda kuleta kikokotoo.